Jumamosi Zangu Kwenye Msumeno wa Gungu

Nilipopangiwa kazi zahanati ya Ujiji nilikuwa nesi wa miaka ishirini na sita, mtoto wa Njombe niliyezoea baridi na viazi. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Asubuhi tulihudumia watu wa mtaani, na mchana tukapokea waliotoka kushuka kwenye boti, wengine na mafurushi, wengine mikono mitupu. Kazi ilikuwa nyingi, lakini sikumbuki kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na chumba changu, nilikula dagaa wabichi karibu kila siku, na nilikuwa kijana.

Siku moja waliingia wanaume wawili wenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mmoja alikuwa amefungwa shati mkononi, na shati limelowa damu. Dole gumba lilikuwa limepasuliwa na mashine ya kupasulia mbao. Mfupa ulikuwa mzima, kwa hiyo nilimshona. Mwenzake, mtu wa makamo, mrefu, alisimama pembeni akiushika ule mkono mwingine wa mgonjwa.

Huyo alikuwa wa tatu mwaka ule kutoka kwenye karakana zetu za mjini, nami nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Hayo mamashine yenu yangetupwa ziwani tukapumzika."

Yule mrefu akajibu kwa upole, "Sista, mashine haina kosa. Njoo Jumamosi Gungu nikuonyeshe."

Nadhani alitania. Lakini baba yangu alikuwa seremala. Aliwafundisha kaka zangu wanne randa na msumeno wa mkono, na mimi akanipa kazi ya kukusanya maranda ya kuwashia moto. Jumamosi nilikuwa sina zamu. Nikaenda.

Karakana ilikuwa pale mtaa wa Gungu, banda la mabati lililo wazi mbele. Walitengeneza madawati na vitanda vya kwenda kambini. Mwenyewe alikuwa Muha wa pale pale, mtu wa msikiti na mcheshi. Yule mrefu ndiye aliyekuwa fundi wake mkuu: mkimbizi wa Burundi, mzaliwa wa Rumonge kando ya ziwa, aliyeruhusiwa kwa kibali kutoka kambini na kufanya kazi mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani ile ya ziwa, laini, na pale alipotaka nisikilize alikichanganya na neno moja la kwao: buhoro. Polepole.

"Shikamoo fundi," nilimwambia.

"Marahaba, Sista. Umekuja kweli?"

Mwenye karakana alicheka. "Huyu akikatika kidole, zahanati nzima itanihamia hapa."

"Hatakatika," fundi akasema. "Hatagusa kitu leo."

Na kweli sikugusa. Jumamosi ya kwanza nilifagia. Alitaka sakafu yote kuzunguka mashine iwe safi, kwa sababu mtu akiteleza hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni meno ya msumeno unaozunguka. Kisha akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akaniambia nivue bangili, nikunje mikono ya blauzi juu ya kiwiko, nichomeke ncha za kilemba ndani. Kanga niliyojifunga kiunoni nikaivua, nikabaki na suruali niliyovaa chini yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa namna yangu: nilikuwa nimekuja na glavu nene za usafi za zahanati, na nikazitoa kwenye mkoba kwa majivuno kidogo.

Akazichukua, akaziweka dirishani.

"Kwenu glavu inakinga," alisema. "Hapa jino likishika uzi mmoja wa glavu, linavuta mkono wote. Mkono mtupu unajua ulipo."

Alichokubali ni miwani. Nilivaa ya kwake, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jumamosi ya pili nilisukuma mbao juu ya meza ya msumeno huku mashine imezimwa na waya umechomolewa ukutani. Nilisukuma ubao ule ule labda mara mia. Upande wake ulionyooka ulale kwenye ile reli ya chuma inayouongoza, usiachie hata nafasi ya kupita karatasi. Mimi nisimame kushoto kidogo, nisiwe kwenye mstari wa ubao, maana ubao ukibanwa na msumeno hurudi nyuma kama teke la punda. Alinionyesha kovu la ubao kwenye bati la nyuma, shimo la kuingia ngumi. Mwishoni, pale vidole vinapokaribia meno, niache kusukuma kwa mkono na nishike kijiti chenye pengo mfano wa mdomo wa ndege.

"Kijiti kikikatika," alisema, "tunachonga kingine."

Nilimwuliza kwa nini ameinua meno kidogo tu juu ya ubao, wakati mashine inaweza kuyainua mpaka juu kabisa.

"Unahitaji kukata ubao. Hewa unaikatia nini?"

Jumamosi ya tatu akawasha. Nilikuwa nimesikia sauti ile nikiwa nje, lakini ukiwa mbele yake inaingia kifuani. Mbao zetu nyingi zilitoka kwenye makasha ya mizigo ya msaada, kwa hiyo kwanza alipitisha sumaku juu ya ubao kutafuta misumari. Akautoa mmoja, mdogo, akaniwekea kiganjani. Kisha akasimama upande wa pili.

"Sasa. Buhoro. Usiusukume kwa nguvu, usiuache usimame."

Ubao ukaingia. Ulipasuka mbele yangu taratibu, harufu ya mbao ikapanda, na vipande viwili vikatoka upande wa pili, vimenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu. Nilitaka kukiokota kile chembamba palepale. Akanionyesha kiganja: subiri. Akazima. Tukasimama wote wawili tukiangalia meno mpaka yakaonekana moja moja, yametulia. Ndipo nikakiokota. Nilikipeleka nyumbani, nikakiegemeza ukutani karibu na kitanda.

Wiki ya tano nilijiona fundi. Nilikuwa katikati ya kupasua ubao umeme ulipokatika, jambo la kawaida kwetu, maana mji uliendeshwa na majenereta. Mlio wa msumeno ukashuka, meno yakasimama. Banda likawa kimya, nikasikia watu wakipatana bei barabarani. Vumbi lilikuwa limejaa pembeni mwa meno, nami nikapeleka mkono kulipangusa.

"Sista. Mkono."

Hakupaza sauti. Nikaurudisha mkono, nikageuka kumwuliza ana nini. Kabla sijafungua mdomo, umeme ukarudi. Meno yakaanza kuzunguka, ubao ukaruka ukapita mahali nilipokuwa nimefundishwa nisisimame, ukaenda kugonga bati.

Fundi akaja akazima swichi. Ndipo nikaelewa: sikuwa nimeizima mimi. Nilidhani kukatika kwa umeme ndiko kuzima. Nikakaa juu ya rundo la mbao, nikaangalia mkono wangu wa kulia, vidole vyote vitano, kama ninauona mara ya kwanza.

Nilitegemea anigombeze. Alikaa karibu yangu.

"Yule uliyemshona dole gumba," akasema, "ilikuwa hivi hivi. Umeme ulikatika, akapeleka mkono. Mimi nilimwona. Nikafikiri ameshazima, nikanyamaza."

"Hukujua," nilisema.

"Sikuuliza. Ningeuliza tu."

Tulikaa hapo mpaka mwenye karakana alipotuletea chai. Hakuuliza kilichotokea, alikuwa amesikia bati. Siku hiyo sikurudi kwenye mashine. Wiki iliyofuata nilipofika, fundi alinipa ufagio, nami nikafagia bila kinyongo. Kuanzia hapo, umeme ukikatika, mtu yeyote mle bandani alisema kwa sauti, "Nimezima," na mwingine akaenda kuhakikisha kwa macho. Mwanzoni walisema kwa kunicheka mimi. Baadaye wakawa wanasema tu.

Mwaka uliofuata zahanati iliomba mabenchi. Akina mama wajawazito walikuwa wanakaa sakafuni, wenyeji na wakimbizi pamoja, migongo ukutani. Mwenye karakana alitoa mbao, fundi akachora, na mbao zote za mabenchi nane nilizipasua mimi, Jumamosi tatu mfululizo. Fundi alikaa kwenye kiti mlangoni akinywa chai, ameipa mashine mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yangu ya kuhitimu, sikuwahi kupata nyingine ya useremala.

Tulipoyafikisha zahanati alipitisha kiganja chini ya kila kikalio. Kwenye la sita akasimama.

"Hili hukulipiga msasa huku chini."

"Nani atalala chini alitazame, fundi?"

"Mama atalishika akiinuka."

Nikalipiga msasa palepale, mlangoni, na wagonjwa wakimtazama nesi wao amepiga magoti na vumbi puani. Bibi mmoja wa Mwandiga alimwuliza mwenzake kwa Kiha kama zahanati imeishiwa wanaume. Nilikijua Kiha cha kutosha kuelewa, nikacheka mpaka nikapaliwa.

Miaka michache baadaye kwao kulitulia, na fundi akarudi Rumonge na mkewe. Nilikwenda kuwaaga. Alikuwa amefunga randa zake kwenye blanketi la kambini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda nyumbani. Tulipeana mikono, akasema niendelee hivyo hivyo, polepole. Alileta salamu mara mbili kupitia wafanyabiashara wa mawese: ana banda lake, wajukuu wawili, afya nzuri.

Mimi nilibaki Ujiji mpaka nilipostaafu. Jumamosi nyingi nilikuwa Gungu. Meza ninayoandikia sasa niliipasua mwenyewe, ya mninga, na mguu wake mmoja ni mfupi kidogo. Nimeweka kipande cha kandambili chini yake, na imetulia vizuri kabisa.