Mafuta ya Nazi Kwenye Usukani

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, mfanyabiashara mmoja wa mbata, yaani nazi kavu, huko Tiwi alinunua gari kubwa la Kimarekani kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Hakulinunua kwa fahari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea kwa kiharusi, na usukani wa gari lile ulisaidiwa na pampu ya mafuta, hata mtu angeweza kuuzungusha kwa kidole. Kwa gari hilo alikwenda sokoni Kombani mwenyewe, bila kumwomba mwanawe yeyote ampeleke.

Mimi nilikuwa fundi wake. Ufundi nilijifunza vitabuni, kamusi ikiwa pembeni. Mafuta ya usukani yalipopungua, kitabu cha gari kiliagiza mafuta mekundu ya aina yake. Kombani hayakuwapo. Ya breki nilijua yangeharibu mipira ya pampu. Nikamwambia asubiri nivuke Likoni nikayatafute Mombasa.

"Fundi, wanitania," alisema. "Nimezungukwa na mafuta, nawe wataka kuvuka maji?" Akanipa chupa ya mafuta ya nazi aliyoyachuja mwenyewe. "Mke wangu ayatia cherehani mwaka wa kumi huu. Cherehani haijanishtaki."

Nilicheka, lakini sikuyatia vivi hivi. Nililoweka kipande cha mpira ndani yake siku mbili, hakikuvimba. Nikayatia, tukaliendesha gari saa saba mchana. Usukani ulikuwa mwepesi. Nikaandika daftarini: yanafaa.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, aliondoka na mkewe. Kwenye kona ya kwanza usukani ulikataa. Gari liliingia mtaroni, mkewe akavunjika kifundo cha mkono. Nilipofika jua lilikuwa limeshapanda. Niliujaribu usukani: mwepesi.

"Si gari, mwanangu," aliniambia. "Ni mkono huu. Umekufa kabisa, nami nimemuumiza mwenzangu."

Wanawe wakachukua ufunguo.

Asubuhi iliyofuata nilichukua chupa ya mafuta ya nazi nyumbani kwangu nijipake. Hayakutoka. Yalikuwa meupe, yameganda kama samli. Kila mtu wa pwani ajua kwamba wakati wa kipupwe mafuta ya nazi huganda. Utotoni mimi mwenyewe nilikuwa nikitumwa kuianika chupa juani. Nililijua jambo hilo maisha yangu yote, na sikulifikiria, kwa sababu halikuwamo kitabuni.

Siku nne nilinyamaza. Niliogopa kwamba hakuna atakayeniletea gari tena. Siku ya tano niliifunga chupa kwa kitambaa kibichi mafuta yasiyeyuke njiani, nikaenda kwake mapema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Niliipindua chupa mbele yake. Halikudondoka hata tone. Nikamweleza yote.

Aliitazama. "Basi mkono..."

"Mkono haukuwa na kosa."

"Siku tano, fundi," alisema polepole. "Siku tano nimeufunga kwa kanga ya mke wangu nisiuone."

Akaifungua ile kanga. Akanyoosha mkono wa kushoto kuishika chupa. Vidole viliigusa, havikufumba. Akajaribu tena, jasho likimtoka, nami sikuthubutu kumsaidia.

"Waite wanangu," alisema mwishowe. "Uwaambie wewe, kwa kinywa chako."

Nikaenda kuwaita.