Kikombe cha Kishanda

Binti yetu alikuwa anakaribia miaka miwili na bado hakuwa amekubali kunywa kitu chochote nje ya chupa yake. Alizunguka nayo nyumba nzima pale Kahororo, ameing'ata chuchu kwa pembeni kama mzee na kiko chake, mikono yote miwili ikiwa huru kwa utundu mwingine. Daktari wa meno mjini alimfungua mdomo, akaniuliza kama analala nayo. Nikakubali. Akasema meno ya mbele yameanza kuoza, chupa iachwe, mtoto apewe kikombe.

Tulijaribu. Nilinunua kikombe chenye picha ya sungura, akakitupa. Nikanunua chenye mishikio miwili, akamwaga maziwa juu ya mitihani ya kidato cha pili niliyokuwa nasahihisha. Alilia mpaka akapaliwa, nami nikamrudishia chupa. Ndipo mume wangu akaleta wazo la kumpeleka likizo kwa mama yake, kijijini Kishanda. Mama amelea watoto wengi, alisema, na hakuna hata mmoja aliyefunga ndoa akiwa na chupa mdomoni.

Sikulipenda wazo hilo, na nilikuwa na sababu. Wakati wa uchumba wetu aliwahi kunisimulia, akicheka, kwamba alipokuwa mdogo na msumbufu wa kulala, watu wazima walichovya kidole kwenye rubisi wakampa anyonye. Wakati ule nilicheka naye. Baada ya kuzaa, kisa kile hakikunichekesha tena. Pombe ni pombe, hata ikiwa ya ndizi na hata ikiwa imetengenezwa nyumbani. Lakini mitihani ilikuwa imenielemea, kwa hiyo nikampeleka. Tulipofika nilimpa chupa mara ya mwisho, nikaiweka kwenye begi pamoja na nguo zake, nikamwambia mama mkwe aitumie ikishindikana kabisa.

Kesho yake nilipiga simu. Mama mkwe hapendi simu. Huongea kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Nikauliza mtoto anaendeleaje.

"Anakunywa," alisema.

"Kwa chupa?"

"Kwa kikombe."

Nikauliza anakunywa nini. Akasema mtoto hana shida yoyote. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka, na mmoja akiuliza kama ndizi zimeiva kiasi cha kukamuliwa. Mama mkwe akasema jirani anaoza binti, wana kazi nyingi, akakata simu.

Niliifikiria simu ile siku nzima. Mtoto aliyenishinda mimi kwa wiki kadhaa, yeye amemwezaje kwa usiku mmoja? Na kwa nini hakujibu nilichouliza? Kila nilipopiga tena niliambiwa mtoto amelala. Asubuhi amelala, mchana amelala. Kwangu mtoto huyo hakuwa analala mchana hata umbembeleze vipi. Nilimweleza mume wangu, akasema nimwache mama afanye kazi yake. Alisema hivyo huku akiangalia nje dirishani, na nikaanza kumshuku naye pia.

Jumamosi sikungoja. Nilipanda gari hadi Muleba, na kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi Kishanda. Harufu ya ndizi mbivu ilinipokea kabla sijaiona nyumba. Kwenye kibanja cha jirani, katikati ya migomba, wanawake walikuwa wameuzunguka mtumbwi wa kukamulia ndizi, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Niliwapungia mkono nikapitiliza ndani.

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, jua likiwa bado kali. Nikainama. Pumzi yake ilinukia ndizi. Kando yake palikuwa na kikombe cha bati, kimebaki na kitu kidogo chini. Nikakiinua nikakinusa.

"Umenusa kikombe kabla hujanisalimu."

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nikapiga magoti, nikamsalimu. Aliitikia salamu zote, hakuruka hata moja, kisha akauliza kikombe kinanukia nini.

"Maziwa," nilisema.

"Ulitaka kinukie nini?"

Sikuona faida ya kuzunguka. Nilimwambia mtoto analala ovyo, mdomo wake unanukia ndizi, na hapo nje wanatengeneza rubisi. Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema mtoto amekula ndizi mbivu kama watoto wote wa pale, na analala kwa sababu anaamka na kuku na kumfuata kibanjani mpaka miguu inamwishia nguvu. Kisha akaingia chumbani, akarudi na ile chupa, akaiweka mbele yangu.

"Mimi nilinusa hii," alisema. "Siku uliyomleta. Ulimtia chupa mdomoni, akafumba macho hapo hapo. Nikajua unamwekea dawa ya usingizi ili upate kusahihisha. Maziwa yake nikayamwaga."

Niliumia sana. Niliapa kwamba ndani ya chupa hamkuwa na kitu ila maziwa. Alinisikiliza vilevile nilivyomsikiliza yeye na ndizi zake mbivu.

Mtoto alipoamka nilikaa pembeni nimtazame. Mama mkwe alijimiminia maziwa, akaketi barazani akanywa, wala hakumwita. Mtoto akaja akasimama mbele yake. Bibi akamgeuzia bega. Mtoto akazunguka upande wa pili, akamvuta nguo. Ndipo bibi, kama mtu anayenyang'anywa, akamshikisha kikombe kidogo kidogo. Mtoto akanywa, mengine yakamwagika kifuani, akadai mengine. Aliponiona tu akakumbuka chupa, akaanza kulia.

Nilirudi naye Kahororo kesho yake, chupa tukaiacha Kishanda. Kwangu alikataa kikombe tena, mpaka nikampigia simu mama mkwe kumuuliza nakosea wapi. Akasema namtazama mno mtoto; ninywe changu, nitazame pengine. Nilifanya hivyo. Siku ile hakunijali. Iliyofuata alikuja, akashika ukingo wa kikombe changu, akanywa.

Mwezi uliofuata mama mkwe alitutembelea. Alishuka kwenye gari na kidumu cha maziwa kutoka Kishanda. Nilimwambia maziwa tunayo. Akasema anajua tunayo, ila hajui wauzaji wa mjini wanayachanganya na nini. Aliyachemsha mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akamimina vikombe vitatu akaviweka mezani. Mtoto akawahi chake. Mimi nilishika changu, nikasubiri mama mkwe anywe kwanza.