Pua ya Bukari

Haukuwa udongo. Kwa miaka minne nimesema ni udongo. Nimesema hivyo mbele ya kaka yangu, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya watu wazima watano waliolowa maji mpaka soksi. Ilikuwa bukari. Bukari ya jana, iliyobaki sahanini baada ya chakula cha jioni, ule ugali wetu wa mahindi ambao mtu wa Lubumbashi asipoula anahesabu kwamba siku hiyo hakula kitu. Niliikanda vizuri, nikaishindilia ndani ya pua ya roketi, nikaziba kwa karatasi na gundi, nikanawa mikono.

Roketi yenyewe ilikuwa ya kaka yangu. Yeye ni mkubwa wangu, namwita yaya kama tunavyoita hapa, na ni mchoraji kwenye mgodi mmoja upande wa Kinsevere. Wiki nzima anachora mashimo yanayoenda chini. Jumamosi anashuka mjini kurusha vitu vinavyoenda juu. Mimi nilisoma fasihi chuo kikuu, na kabla ya kuingia kwenye kundi lake kitu pekee nilichowahi kurusha hewani kwa nguvu kilikuwa kiatu, tena kilikuwa na mlengwa.

Kundi letu lina watu saba. Wote tumepita miaka arobaini, na wengi wetu tumekatazwa chumvi. Tunakutana kwenye uwanja mtupu nyuma ya mtaa, penye kichuguu kikubwa kilichokatwa kichwa, na juu ya kichuguu hicho ndipo tunaporushia. Roketi zetu ni chupa za soda. Unatia maji kiasi, unaziba mdomo kwa kizibo chenye vali, unajaza hewa kwa pampu ya baiskeli, halafu mtu anavuta kamba. Chupa inatapika maji na kupaa. Aliye karibu analowa. Aliye mbali, kama upepo ni mbaya, analowa pia.

Wenzetu wote walitengeneza roketi ndefu na nyembamba, chupa juu ya chupa. Kaka yangu hakuzitaka. Yeye alichukua chupa moja tu, akaivika katoni pande zote hadi ikawa nene kama ndoo, akaipa kichwa cha mviringo. Lazima niseme kwamba yeye mwenyewe ni mfupi na mpana. Mimi pia. Kwenye picha ya harusi yangu familia yetu imepangwa kama seti ya sufuria.

“Ile ya murefu, ata mutoto anairusha,” aliniambia. “Mi nataka ya mufupi, ya munene, na iende juu sawasawa. Bajue kama inawezekana.”

Tatizo la roketi fupi na pana alinieleza mara nyingi mno, kwa hiyo naweza kulieleza hata nikiwa usingizini. Kila roketi ina mahali pawili. Pa kwanza ni pale uzito wake unapokaa: ukiiweka juu ya kidole hapo, hailali upande wowote. Pa pili ni pale upepo unapoisukuma. Uzito lazima utangulie mbele, upepo ubaki nyuma, na kati yao kuwe na nafasi walau ya upana wa roketi yenyewe. Kwenye roketi ndefu nafasi hiyo ni ndogo tu, unaipata bila shida. Kwenye roketi fupi na pana, nafasi hiyo ni karibu nusu ya mwili wake, na mahali pale pawili panabanana kama abiria wawili wanene kwenye pikipiki moja. Upepo ukitangulia mbele ya uzito hata kidogo, roketi inageuka.

Dawa ziko mbili. Unaongeza mapezi nyuma, au unaongeza uzito puani. Kaka alikata mapezi manne kwa hesabu zake mwenyewe, kurasa tatu za hesabu, kisha akanipa mimi pua. “Wewe ni mutu wa mashairi,” alisema. “Kazi yako iko rahisi. Utaweka udongo gramu mia mbili, utafunga. Usifikiri.”

Maneno yale ya mwisho yaliniuma, na kwa kweli niliyafuata kikamilifu.

Udongo wenyewe ulikuwa uchimbwe kwenye kichuguu, uchekechwe, ukandwe. Nilisahau. Jumamosi hiyo, kaka alipopiga simu kusema yuko njiani, nilikuwa nimesimama jikoni na roketi yenye pua tupu mkononi, na mbele yangu, sahanini, kulikuwa na kitu cha kijivujivu, kizito, kinachoshika umbo lolote unalolitaka. Niliikata bukari, nikaipima kwenye mizani ya unga. Gramu mia mbili kamili. Nikajiona mhandisi.

Kaka alifika, akaiweka roketi juu ya kidole, akatabasamu. Tukafanya jaribio la kamba: unafunga kamba mahali pa uzito, unaizungusha roketi kichwani kwako kama mtu anayetaka kukamata ng'ombe. Ikikaa imeelekeza pua mbele, iko tayari. Nilizungusha mimi. Ilikaa pua mbele, mzunguko baada ya mzunguko, na jirani yangu, mama mmoja mcha Mungu sana, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

“Hakuna mugonjwa, mama,” kaka alimjibu. “Iko sayansi.”

“Basi nitaomba tu,” mama yule alisema, akashuka.

Tungeirusha siku ile, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini pampu ilikuwa imepasuka, tukaahirisha kwa wiki moja. Roketi nikaiweka juu ya kabati la jikoni. Ilikuwa Julai. Anayeijua Julai ya hapa anajua kwamba hewa inakunywa kila kitu: midomo inapasuka, milango ya mbao inasinyaa, nguo nzito unazianua kabla hujamaliza kuanika. Bukari inakauka pamoja na vyote hivyo, na inapokauka inapungua uzito. Isitoshe, chungu wadogo wa jikoni kwangu waligundua mlango chini ya karatasi. Walifanya kazi usiku na mchana, bila mgomo.

Jumamosi iliyofuata niliichukua roketi juu ya kabati, na hapa ndipo ungamo langu lenyewe lilipo. Nilihisi. Mkono wangu ulijua palepale kwamba ni nyepesi. Ningeweza kusema, “Yaya, tuipime tena.” Sikusema, kwa sababu ningelazimika kusema kilichomo, na yeye alikuwa ameniambia nisifikiri.

Mwenyekiti wetu, tunayemwita papa prezida, ni mzee mmoja mwenye duka la dawa, aliyezaliwa hapa na wazazi waliotoka Kasai. Huvaa shati jeupe lililopigwa pasi hata uwanjani, na ndiye anayeshika saa. Alisimama mbali kuliko sote, hatua arobaini hivi, mkono mmoja juu. Kaka akapampu. Nikavuta kamba.

Roketi ilipanda vizuri mpaka usawa wa waya za umeme. Kisha ikasita, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, ikageuza pua, ikamtafuta mwenyekiti. Sina neno lingine. Alikimbia kushoto, ikaenda kushoto. Alikimbia kulia, ikafikiri kidogo, ikaenda kulia. Kiatu kimoja kilimtoka. Ilimpita sikioni, ikapiga kichuguu kingine kidogo, ikapasuka, na maji yaliyobaki yakatuogesha sote tuliokimbilia huko kumwokoa.

“Mama,” mwenyekiti aliniambia akihema, na mguu mmoja juu, “mu pua mulitia nini?”

“Udongo, papa.”

“Udongo gani ule unakimbiza bantu?”

Watu walicheka. Kaka hakucheka. Aliokota pua iliyopasuka. Ndani mlikuwa na vumbi kidogo la kijivujivu, naye akadhani udongo umemwagika ardhini na kuchanganyika na mwingine. Akaliokota pezi moja, akalitazama kwa muda mrefu. “Ni mapezi,” alisema polepole. “Nilikosea hesabu.”

Nami nikasema, “Labda.”

Kwa neno hilo moja nilimharibia kaka yangu miaka minne. Alirudi kwenye kurasa zake tatu, zikawa thelathini. Roketi iliyofuata aliiwekea mapezi makubwa kama masikio ya tembo, na kwa kuwa mapezi makubwa hukamata upepo, ikainama na kuondoka kuelekea upepo unakotoka, mpaka kwenye bwawa la samaki la mtu. Akayaongeza tena. Mwaka wa tatu roketi yake ilikuwa na mapezi kama milango ya kabati. Ilijikokota juu, ikakata tamaa, ikaketi. Kila mara aliniuliza mimi, “Pua ulifunga muzuri?” Na kila mara mimi, niliyekuwa sasa naweka udongo halisi, uliochekechwa mara mbili, nilimjibu kwamba pua haina shida kabisa. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa inammaliza.

Kisha mwezi uliopita mwenyekiti alileta wazo la sheria: roketi yoyote ambayo urefu wake haufiki mara tano upana wake isirushwe tena uwanjani. Nilimtazama kaka nikingoja apinge. Hakupinga. Alisema ataiandika yeye mwenyewe, maana ndiye aliyejaribu kuliko wote na anajua kwamba haiwezekani.

Rasimu aliituma kwenye simu yangu siku ya Alhamisi, tuipigie kura Jumamosi. Alitaka niisahihishe, kwa kuwa ndiyo faida pekee ya elimu yangu aliyowahi kuitambua. Niliisahihisha. Niliweka mikato. Nilipunguza neno “kabisa” mara tatu. Nilipofika kwenye aya isemayo “kutokana na kosa la mapezi lililothibitishwa,” niliangalia neno “lililothibitishwa” kwa dakika nyingi, na nikajikuta natafuta neno zuri zaidi. Hapo nikajionea aibu mwenyewe. Nikampigia.

“Umemaliza?” alisema. Nyuma yake redio ilikuwa inaongea.

“Yaya, mu ile pua ya kwanza, hapakuwa udongo.”

“Palikuwa nini?”

“Bukari.”

Redio ilizimwa.

“Bukari gani?”

“Ya jana yake. Ya mahindi.”

“Gramu ngapi?”

“Mia mbili. Siku ile tulifanya kamba. Kisha ikakauka. Na chungu walikula.”

Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa na majibu mawili yaliyopangwa vizuri, moja la unyenyekevu na moja la hasira. Nilisikia karatasi zikifunuliwa, kisha kalamu ikikwaruza, kisha pumzi.

“Na ulijua?” aliuliza.

“Asubuhi ile niliona iko nyepesi. Nilinyamaza.”

“Miaka ine.”

“Miaka ine, yaya. Nisamehe.”

“Ngoja,” alisema. Kalamu iliendelea. “Ukitoa gramu mia moja na kitu mu pua... uzito unarudia nyuma... Aba! Inageuka! Lazima igeuke!” Kisha simu ikawekwa juu ya kitu kigumu, na nikamsikia akipiga kelele kuelekea jikoni kwake: “Mama! Weye mama! Kuja! Mapezi yangu yalikuwa muzuri!”

“Mapezi gani?” wifi yangu aliuliza kwa mbali.

“Ya kwanza! Ile ndogo! Hesabu yote ilikuwa muzuri!”

Nilingoja. Nilisikia kiti kikisogezwa, na wifi akimwambia apunguze sauti kwa sababu ya majirani, na yeye akisema majirani nao wajue. Alipochukua simu tena, sauti yake ilikuwa ya mchoraji wa mgodi, kavu.

“Uko pale?”

“Niko.”

“Ile sheria, futa yote.”

“Nimefuta.”

“Andika ingine. Kintu cha kula hakiingie mu roketi. Na chini uweke jina yako, bajue juu ya nani iliandikwa. Jumamosi utaisoma mbele ya papa prezida, wima, kwa sauti.” Akakata.