Suti ya Buluu Mbele ya Kamera

Odette hakuwa mtu wa kuomba. Kwenye saluni anakosuka nywele, katikati ya jiji la Durban, wenzake humtania kwamba hata akiishiwa chumvi atakula mboga chapwa kuliko kumgongea jirani. Lakini kwa yule mzungu aliomba kitu kimoja, akakiomba kwa kinywa chake, mumewe akisikia: picha moja ya Apollinaire akiwa amevaa suti.

Mzungu mwenyewe aliitwa Lieven, Mbelgiji mrefu mwenye sauti ya kunong'ona. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya picha, vile vizito vya jalada la kitambaa, ambavyo ndani yake maneno ni machache utadhani yanatozwa ushuru. Alikuwa anaandaa kimoja juu ya watu waliohamia Durban. Kwa majuma kadhaa alikuja kwenye chumba cha Odette na mumewe, akaketi sakafuni, akala fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, kwa mkono, akaongea Kifaransa na kila aliyepita mlangoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakumjua Lieven.

Apollinaire hakuwa na picha. Hilo linaweza kushangaza zama hizi ambapo hata paka ana picha mia, lakini sababu yake ilikuwa rahisi: kanisani, yeye ndiye aliyeshika simu. Ikiwa harusi, ikiwa ubatizo, ikiwa kwaya imeshona sare mpya, utasikia, "Papa Apollinaire, kuya utupige foto!" Basi alikuwapo kwenye kila sherehe na hakuonekana kwenye hata moja. Picha za harusi yake ziliungua kwao Uvira, Kongo, pamoja na nyumba. Iliyobaki ni ile ya karatasi ya ukimbizi, ndogo kama stempu, amekodoa macho kama mtu aliyekutwa na kuku wa wenyewe.

Na kwa watu wa kwao picha si jambo la kushtukizana. Mtu anaoga, ananyoa ndevu, anavaa, anasimama wima na kutazama mbele, kwa sababu picha hiyo itapelekwa nyumbani, itatundikwa ukutani, na siku ikifika itawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, watu wakilia. Mtu anapigwa picha vile anavyotaka kukumbukwa.

Siku ya picha Apollinaire aliamka mapema kuliko siku ya Krismasi. Suti ilikuwa ya buluu, ya mtumba, aliyoichagua mwenyewe Pinetown baada ya kuzijaribu nyingine hadi mwenye duka akanuna. Odette aliipunguza mikono, akaipiga pasi juu ya meza, akamfunga tai. Mwanamume akasimama ukutani, mkono mmoja juu ya kiti, kifua mbele. Lieven akasimamisha kamera yake ya kizamani, ile ya filamu, kwenye miguu yake mitatu. Akamwambia asitikisike. Kacha. Kacha. Kacha. Apollinaire alibana pumzi hadi jasho likamtiririka shingoni, na Odette, aliyekuwa amesimama kando na kitambaa cha kumfutia, alijisikia kama bibi harusi kwa mara ya pili.

"Monsieur Lieven," alisema, "ile foto utanipatia?"

"Utaipata, Madame Odette," akajibu mzungu. Kisha akaguna kidogo, akafungua begi lake na kuanza kushughulika na kamera.

Apollinaire akavua suti, akavaa kizibao cha njano, akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya duka kubwa. Lieven akamfuata huko, akashinda naye mchana kutwa.

Mwaka ukapita bila picha. Odette akituma ujumbe, jibu linakuja la adabu na la utelezi: kitabu kwanza, Madame, subira kidogo. Halafu Apollinaire akaugua presha, na presha haikumpa nafasi ya kuaga. Walimzika na ile suti ya buluu. Shemeji mmoja alishauri wamvalishe nyingine, hiyo waiweke iwe kumbukumbu. Odette alikataa bila kusita. "Foto iko," alisema. "Iko Ulaya. Suti aende nayo."

Ilipokaribia siku ya kuanua matanga, kwaya ikaamua kuvaa sare kama desturi: fulana nyeupe kwa wote, uso wa marehemu kifuani. Ezéchiel, mwenye kibanda cha simu anayechapa fulana, alimwomba Odette picha. Kila Jumapili anauliza, kila Jumapili anapewa jibu lilelile: iko njiani. Lieven naye, alipopewa habari ya kifo, alituma rambirambi ndefu. Mwishoni aliandika, "Yumo kitabuni. Nitakuja Durban kukizindua, utamwona."

Kwa hiyo jioni ya uzinduzi Odette alikwenda, amevaa nguo yake nyeusi ya ujane, kwenye nyumba moja ya maonyesho kule Berea. Alisindikizwa na Kerubo, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, mteja wake wa siku nyingi. Watu walikuwa na glasi mikononi. Vitabu vilipangwa mezani. Odette alipangusa viganja kwenye nguo, akakifungua kimoja.

Alitafuta suti. Alipita mama wa sokoni, alipita vijana wa kinyozi, na ukurasa ukamwonyesha mtu ameketi juu ya kreti nyuma ya magari, kizibao kimempanda shingoni, kiatu kimoja kimevuliwa, soksi ina tundu, kichwa kimelala begani, kinywa wazi. Chini iliandikwa kwa Kiingereza: mlinzi wa magari, Durban. Jina hakuna.

"Wow, hii ndiyo the best kwa kitabu yote," alisema Kerubo, kabla hajatambua ni nani. Kisha akatambua. "Woi. Mama Odette, pole. Pole sana."

"Ile ya suti iko mbele," alisema Odette, akaendelea kufunua, hadi karatasi zikaisha.

Wakati huo Lieven alikuwa ameanza kuhutubia kwa Kiingereza. Kerubo akawa anamtafsiria kwa kunong'ona. "Anasema anapenda Durban... Anasema watu wakiona kamera wanajipanga, wanakaa kama picha ya kitambulisho. Anasema yeye ako na njia. Mwanzo anapiga kamera ikiwa..." Watu wote ukumbini wakacheka.

"Ikiwa namna gani?"

"Wacha tu, mama. Twende nyumbani."

"Mwalimu, ikiwa namna gani?"

Kerubo alitazama viatu vyake. "Ikiwa haina filamu. Anabonyeza bure, ndiyo mtu aridhike, achoke kujipanga. Halafu sasa ndiyo anaweka filamu, anaanza kazi."

Odette hakulia. Alihisi hasira, na aibu juu ya hasira, kana kwamba ni yeye aliyemsimamisha mumewe mbele ya watu bila nguo. Alipita katikati ya glasi hadi mbele.

"Monsieur Lieven. Papa Apollinaire alifunga pumzi, na jasho ikatoka. Wewe ulikuwa unapiga nini?"

Mzungu akawa mwekundu. Akamshika mkono, akajibu kwa Kifaransa chake cha taratibu, na tunayo sababu ya kuamini kwamba alisema kutoka moyoni. Alisema anasikitika sana. Alisema picha ile ya kreti ndiyo ya kweli, pale ndipo alipo Apollinaire mwenyewe.

"Namna anavyolala, mimi namujua," alisema Odette. "Nililala naye miaka mingi. Haukunionyesha kitu. Kile nilikuomba ni namna alikuwa anasimama."

Alipewa kitabu bure, kimetiwa sahihi ya shukrani. Alikipokea, maana hakulelewa kutupa kitu cha watu mbele ya watu.

Asubuhi alimpelekea Ezéchiel. Kijana alikitazama kile kinywa wazi, akakifunga kitabu. "Eish, mama. Hii hapana. Kwaya haiwezi kuvaa hii." Akaomba karatasi ya ukimbizi. Akauchukua uso wa karatasi, akautengeneza macho, akautia ngozi ya kung'aa, kisha akatafuta mtandaoni mwanamume mwenye suti ya buluu, akamkata kichwa kwa kompyuta na kumpachika cha Apollinaire. Mwanamume huyo alikuwa mnene, na mkononi alikuwa na saa ya dhahabu.

Siku ya kuanua matanga watu wote walivaa fulana hizo. Waliimba, walikula, walimsifu marehemu. Odette alikaa mbele na mkono wa mtu mwingine kifuani mwake, na kila alipoinamisha kichwa aliiona ile saa.

Picha ilitumwa Uvira, kwa mama mkwe, ambaye hakuwa amemwona mwanawe tangu alipokimbia. Jioni sauti ya kikongwe ikaingia kwenye simu, inacheka na kulia kwa pamoja.

"Odette mutoto wangu, aksanti! Kumbe alinona hivi? Na saa! Sasa nitalala. Uniambie, ni nani alimupiga hii foto nzuri? Nimuombee."

Odette alihamishia simu kwenye sikio la pili. Kitabu kilikuwa mezani, ameweka sufuria ya moto juu yake.

"Ni muzungu mumoja, mama," alijibu. "Anaitwa Lieven."