Maua Juu ya Utomvu

Gauni lilikuja kwa basi, Krismasi ya pili mfululizo ambayo kaka hakuja. Lilikuwa la hariri, rangi ya maziwa, halina pambo lolote, jepesi kiasi kwamba mama alipolitoa kwenye mfuko alilishika kwa mikono miwili kama anayeogopa lisipeperuke. Hakulivaa. Alilikunja akaliweka sandukuni pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia, akasema atalivaa siku aliyelituma atakapokuwapo amwone. Niliuliza kama nguo inaweza kuja badala ya mtu. Nilikuwa nyumbani Uru kwa likizo, mwaka wangu wa mwisho wa chuo, na maswali ya namna hiyo sikuyakosa. Mama alifunga sanduku.

Mwaka uliofuata kaka alituma habari kwamba safari hii anakuja na familia. Kwetu, Desemba, watoto walioko Dar na kwingineko hurudi mlimani. Magari hujibana kwenye njia za migombani ambazo mwaka mzima ni za miguu, na kwenye uwanja wa kanisa kina mama hutazamana nguo kabla ya kusalimiana, maana nguo ya mama ndiyo habari ya mwanawe. Mimi nilikuwa habari ambayo hakuna aliyeiulizia. Nilimaliza chuo wakati serikali imekwisha kuacha kumpangia kazi kila mhitimu, basi nilikuwa nikishuka Moshi na bahasha za maombi, nikipanda tena na vumbi.

Jumapili moja ya Majilio mama alilivaa lile gauni misa ya kwanza, aone tu kama linamkaa. Aliporudi alimkuta ng'ombe analia bandani. Mkata majani hakuwa amekuja, na mimi nilikuwa mjini kumwona mtu aliyeahidi kunisemea. Mtu wa mlimani akisikia ng'ombe analia kwa njaa hakumbuki amevaa nini. Mama alijifunga kanga kiunoni, akachukua panga, akaangusha mgomba uliokwisha kutoa mkungu na kuukatakata shina amlishe. Kanga ilikinga kuanzia kiunoni kwenda chini. Kifua na mkono wa kulia vilibaki wazi.

Utomvu wa mgomba ukiwa mbichi ni kama maji. Ukikauka unakuwa rangi ya kutu, na sabuni ndiyo kwanza inaukoleza. Ndiyo maana kila mtu kwetu ana nguo zake za shamba, zenye madoa ambayo hakuna anayehangaika nayo. Mama aliyajua hayo kuliko mimi, lakini jioni ile alinionyesha gauni likiwa bado na unyevu, akaniuliza kama naona kitu. Nilimwambia sioni. Asubuhi tuliona wote wawili.

Tulijaribu limau na chumvi juani. Doa lilififia kidogo, hariri iliyolizunguka ikageuka manjano. Nikalishusha kwa dobi mjini, akalinyoosha mbele ya dirisha, akasema dawa ya kutoa utomvu anayo, ila itatoa na kitambaa. Nikarudi nalo.

Nilimwambia mama jambo lililokuwa wazi kwangu: amwambie kaka ukweli.

"Nimwambie nini? Kwamba ng'ombe alikuwa na njaa?"

"Ndiyo. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Huo ni ukweli wangu na wako, tunaoishi na ng'ombe. Yeye ataona doa."

Alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma kaka alileta blanketi zito, mama akampa shangazi alipougua. Kaka alipolikosa kitandani alisema mbele ya watu kwamba kupeleka kitu kizuri kijijini ni kukitupa. Baada ya hapo zilipita Krismasi mbili bila yeye kuja. Mimi nilisema ni kazi zilizombana. Mama alihesabu vingine, na sasa aliamini kwamba akikuta na gauni limeharibika, hatarudi tena.

Akatoa nyuzi zake za kudarizi, za zambarau na kijani, zilizobaki kwenye vitambaa vya makochi. Macho yake hayakuona tena kazi ndogo, kwa hiyo sindano ikawa yangu. Shuleni kwa masista nilikataa kudarizi. Niliuliza kwa nini wavulana hawafundishwi, nikaadhibiwa kufyeka. Sasa niliketi kibarazani siku baada ya siku nikijaza petali juu ya kutu, mama akipapasa kila ua kwa kidole na kunifumulisha lililovuta kitambaa.

Madoa yalipokwisha kufunikwa alisema tuendelee, mkono wa kushoto na shingoni. Niliuliza kwa nini tutoboe mahali pasafi.

"Ua likikaa upande mmoja litaulizwa limefuata nini."

Shangazi, dada yake marehemu baba, alivuka mfereji kuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia huku ameinama juu ya kazi yangu.

"Hiki ndicho walichokufundisha chuo kikuu? Hili ni ua au ni kuku anayedonoa?"

"Ni ua, shangazi."

"Basi lipe majani, lisije likataga."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Nilijiona niko kwetu, jambo ambalo halikunipata mara nyingi mwaka ule.

Kaka alifika mkesha wa Krismasi na wifi na watoto, gari likiwa limejaa matope hadi vioo. Kesho yake mama alitoka chumbani na gauni lake. Kaka alimzunguka akimtazama. Kisha kaka akamkumbatia, na kazi yote ikawa imepita salama, au ndivyo nilivyodhani.

Mchana, majirani wakiwa wameketi na mbege, pombe yetu ya ndizi, na nyama ya mbuzi, mama mmoja alilisifu gauni. Kaka alijinyoosha kitini.

"Nilichagua mwenyewe. Yalikuwa mengi pale dukani, lakini nilipoona haya maua nikasema hili ni la mama."

Wifi aliendelea kumlisha mtoto. Shangazi aliinua kibuyu, akanywa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Nilitaka tu kuuliza duka gani, na maua yalikuwa ya rangi gani, ajibu kabla hajayatazama. Mama hakunitazama. Alishika bega la kaka.

"Ulijua kuchagua, mwanangu."

Waliondoka baada ya siku chache. Kaka aliahidi kurudi mwakani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemaanisha. Mama alikuwa amepata alichokitaka. Nilijiambia kwamba sasa tukibaki wawili tutacheka, kama tulivyocheka kibarazani. Nilingoja. Mama alizungumza juu ya maharage na juu ya mvua.

Kufika Pasaka alikuwa akiwasimulia kina mama wenzake, baada ya misa, jinsi mwanawe alivyochagua maua yale katikati ya magauni mengi. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Mwanzoni alikuwa akishusha sauti nikiwapo. Siku ile hakushusha.

Nikavuka mfereji kwenda kwa shangazi. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilimuuliza kama anakumbuka ua la kuku.

Aliendelea kuchambua.

"Maua aliyaleta kaka yako," alisema. "Keti, usinikingie mwanga."

Sikuelewa kama ananitania. Niliketi, nikamtazama usoni nikitafuta kicheko, na yeye akasogeza ungo upande wenye jua.