Bati Likigonga, Usiitike
Tulipokaa chini ya turubai, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hatukuwa na cha kugonga. Mgeni alisimama nje akapaza sauti, "Hodi!", nasi tukaitika. Balaa ilianza tulipohamia nyumba ya mabati. Kila jioni, jua likishuka, ilisikika ngo, ngo, ngo, na ukifungua mlango humwoni mtu.

Sababu ilikuwa jua tu: mchana bati hupata joto na kutanuka, jioni hupoa na kusinyaa. Lakini sababu isiyotisha haina wateja. Jirani yetu mwombezi, mama mwenye ufunuo kwa kila jambo isipokuwa bei ya maharagwe, alitangaza kwamba ni pepo limetufuata kutoka kwetu Kivu. Nilishangaa. Sisi tulipekuliwa kwenye kila kizuizi, lenyewe lilipitaje? Akaonya kwamba atakayeliitika ataondoka nalo. Mama yetu hakutaka hata tuseme "kugonga". Mlio ule akaupa jina: Yule. "Yule amefika," alinong'ona, nasi tukanyamaza, vijiko hewani.

Basi dada yangu akapata mchumba wa Nyamitanga, kule mjini Mbarara. Siku ya wazee wa mchumba kuja kujitambulisha, tulikaa ndani tumevaa tukapendeza, nyama ya mbuzi imeiva, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, inanukia. Wageni walicheleweshwa na matope, wakaacha gari barabarani, wakafika jua likizama. Watu waliozoea mageti hawapigi hodi kwa mdomo. Mzee wao alishika ufunguo wa gari akagonga mlango wetu wa bati kwa adabu zote: ngo, ngo, ngo.

"Musiitike!" Mama akanong'ona.

Akagonga tena. Kisha tukasikia sauti: "Hawa watu iko kweli?"

"Yesu! Leo iko anasema!" Mama akaikumbatia Biblia. Nami, na elimu yangu yote ya joto na bati, nilikuwa nimejibanza nyuma yake.

Hatua zikaanza kuondoka. Dada alizisikia, na machozi yakamtoka, maana ndoa yake ilikuwa inateremka kwenda barabarani. Akasimama.

"Mama, kama ni pepo, basi ni ile nilichagua miye."

Akafungua mlango. Wageni wakageuka, na Mama, bila hata kupepesa macho, akasema, "Mutusamehe, tulikuwa mu maombi." Wazee wakavua kofia. Hadi leo kule Nyamitanga tunasifiwa kuwa watu wa sala, na hakuna sherehe ya wakwe inayoanza kabla hatujapigishwa magoti.

Dada aliolewa, akaenda. Mwombezi anajigamba kwamba alilosema limetimia: aliyeitika kaondoka. Nyumba imepooza, na dada ninamkumbuka mno. Mama nimemweleza habari za jua na bati, naye amekubali kabisa. Lakini jioni, bati likigonga, yeye ndiye wa kwanza kuinua kichwa.

"Karibu, mwana wangu," huitika. "Mulango iko wazi."