Korongo wa Picha za Arusi

Ndege aliyeonekana katika nusu ya picha za arusi za Bunia aliruka Jumamosi moja mchana, picha ikiwa inapigwa. Bibi arusi alikuwa kulia kwake, bwana arusi kushoto, na mpiga picha amepiga goti kwenye majani akiwaambia, "Musicheke sana, muangalie huku." Korongo akapiga hatua mbili tatu mbele, akakimbia, akafungua mabawa, na kabla mtu hajaelewa kilichotokea miguu yake mirefu ilikuwa inaning'inia juu ya ukuta wa bustani. Akapita juu ya mabati ya duka la jirani, akageuka na upepo, akaenda.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la saruji, darubini mapajani, kama nilivyokaa Jumamosi nyingi kabla ya hiyo. Bibi arusi alishika shela lake kwa mikono miwili, kana kwamba nalo lingeweza kumfuata. Mlinzi wa bustani, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alivua kofia.

"Imeenda," akasema. "Hata haikuniaga."

Mimi ni mwanabiolojia wa wanyamapori. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa katika mbuga na hifadhi za serikali: kufuata nyayo, kutafuta viota, kukaa kimya mahali pamoja mpaka wanyama wanisahau. Kiswahili chetu cha Bunia hakinisaidii kuieleza kazi hii, kwa sababu kwetu neno ni moja tu. Nyama ni yule anayetembea porini, na nyama ni ile iliyo sahanini. Nilipohamia mtaa wa Ngezi, jirani yangu aliniuliza ninafanya nini.

"Nafanya kazi ya nyama."

"Ya ng'ombe ao ya pori?"

"Ya pori."

Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Unauzisha wapi?"

Nikamwambia siuzi, naangalia. Naangalia zinaishi namna gani, zinakula nini, zinazalia wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mama, unaangalia nyama siku yote, na mangaribi unakula majani ya sombe?"

Nilihamia mjini kwa sababu barabara ya kwenda msituni ilikuwa haipitiki tena. Kulikuwa na vita, na tuliambiwa tungoje Bunia mpaka hali itulie. Wenzangu wakaanza kuandika ripoti za miaka iliyopita. Mimi siwezi kukaa ofisini siku nzima, kwa hiyo asubuhi nilikuwa natembea mpaka kwenye bustani ya umma, kipande cha ardhi chenye miti ya mikaratusi, chemchemi ya saruji isiyo na maji, na uwanja mdogo wa majani ambako maarusi hupigwa picha. Katikati ya uwanja huo aliishi korongo taji, ndege mrefu wa kijivu, mashavu meupe, kichwani shada la nyuzi za dhahabu. Watu walimtupia mikate. Watoto walimwiga anavyotembea.

Siku ya kwanza nilimwona akijinyoosha. Bawa la kushoto lilifunguka lote. La kulia liliishia nusu.

Nilijua kwamba amekatwa. Ambacho sikujua ni amekatwa nini, na jambo lote lilitegemea hapo. Kuna watu hukata manyoya marefu ya bawa kwa mkasi. Hayo siku moja huanguka yenyewe na mengine huota. Wengine hukata kiungo cha mwisho cha mfupa ndege akiwa kifaranga. Aliyekatwa mfupa haruki tena maisha yake yote.

Nikaanza kuuliza ametoka wapi. Mlinzi alisema alimkuta hapo siku alipoanza kazi. Mpiga picha, mwanamume mchangamfu anayevaa koti hata kukiwa na jua, alisema anatoka Uganda.

"Si iko kwa bendera yao? Ile ni ndege ya Uganda, mama. Ukiiponesha, itarudia kwao bila visa."

Sikuridhika. Niliendelea kuuliza hadi nikafika kwa mama mmoja aliyekimbia vita huko Djugu na sasa anaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Alikumbuka vizuri. Familia yake ilimkuta kifaranga katika bwawa la mafunjo walimojificha, wakamfunga katika kitenge, wakaja naye mpaka mjini. Chakula kilipowashinda wakamleta bustanini. "Siye hatukukata kitu," aliniambia. "Ilikuwa kidogo, haikuwa na kitu ya kukata."

Nilirudi kwa mpiga picha na habari hiyo. "Ilizaliwa Djugu. Haiko ya Uganda."

"Basi ituonyeshe karte ya kuchagula," akasema. Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, na asiye nayo hushushwa kwenye pikipiki katika kila kizuizi. Watu waliokuwa wakingoja kupigwa picha wakacheka sana, hata mimi nikacheka.

Asubuhi moja mlinzi alinisaidia kumshika. Nilimfunika kichwa kwa kitambaa ili atulie, nikamkumbatia chini ya kwapa, miguu nyuma, nikaanza kupapasa bawa la kulia polepole. Bega. Kiwiko. Kifundo. Baada ya kifundo ndipo mkono wa ndege ulipo, na mwisho wake kidole kimoja chembamba ambacho manyoya ya mbele kabisa hushikilia. Mlinzi alikuwa ananitazama usoni, si kwenye bawa.

"Iko namna gani, munganga?"

Nikaendelea kupapasa mpaka nchani. Kidole kilikuwepo. Kilijikunja kidogo chini ya kidole changu.

"Iko na mukono yote," nikasema. "Ni manyoya tu."

Akavuta pumzi. Kisha akaniambia mwenyewe kwamba mkasi ulikuwa wake. Mlinzi aliyemtangulia alimwachia ule mkasi mkubwa wa kupunguzia ua wa maua, na akamwachia kazi: kila manyoya yakirefuka, kata. Alidhani ni kama kukata kucha. Nilimwambia kwa yule ndege ni hivyohivyo, hakuumia. Ila kuanzia siku ile mkasi ubaki kwenye maua.

Nilikuwa sijajua kwamba kuna mtu mwingine anamtaka. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu mwenye kiwanja kikubwa pembeni mwa mji alikuwa ameomba mairie, yaani ofisi ya meya, impe korongo, na ofisi ya mazingira ilikuwa karibu kukubali. Tulikutana sisi watatu mbele ya meza ya mkuu wa ofisi hiyo. Mfanyabiashara alikuwa mtu wa adabu, na alizungumza nami kwa upole.

"Mama munganga, ndege kama ile haifai kukaa na watu wanaitupia mikate. Kwangu kuko majani, kuko maji, kuko ukuta."

"Haina lazima ya ukuta, papa."

"Kila kitu ya muzuri iko na lazima ya ukuta. Weye angalia Bunia."

Nikaeleza niliyoyajua: kwamba ndege yule ana mabawa mazima, kwamba aina yake inapungua katika nchi yetu kwa sababu vifaranga wanachukuliwa na mabwawa yanakauka, kwamba akiachwa manyoya yaanguke anaweza kurudi kuwa ndege wa porini na kuzaa. Mkuu wa ofisi alinisikiliza huku akibonyeza kalamu.

"Nakupa mpaka mvua irudi kiisha kiangazi kinachokuja," akasema. "Ikiruka, iende. Isiporuka, inaenda kwa papa. Na sitaki tena mutu akuje hapa juu ya ndege."

Kazi niliyoifanya baada ya hapo ilikuwa ya kawaida kabisa, na labda ndiyo maana naikumbuka kwa fahari. Unyoya hauoti kwa mkate. Nilinunua sokoni dagaa wakavu wa Tchomia, kule ziwani, nikawa nawalowesha. Kumbikumbi walipotoka, mlinzi aliwakusanya kwenye ndoo. Panzi aliwakamata yeye mwenyewe, kofia mkononi, akikimbia kwenye majani mbele ya maarusi. Mpiga picha alinilalamikia.

"Mama, siye tunakula na hii ndege."

"Nimeona. Na yenyewe inakula mukate yako."

"Haiko mambo ya kucheka. Ikienda, nitaweka nini katikati ya bibi na bwana?"

"Weka mapendo."

"Mapendo haionekane ku picha," akasema, akaenda zake. Lakini tangu siku hiyo aliwazuia watu kutupa mikate. Alisema munganga amekataza, kwa sauti kana kwamba ndiye aliyenileta.

Kisha tukangoja. Unyoya uliokatwa haurefuki. Unakaa vilevile, kisiki, mpaka siku ya kuanguka kwake. Katika mbuga kubwa nilizofanyia kazi, wanyama hawakuhitaji niwepo ili waishi. Wangeendelea bila mimi, na walipoendelea vizuri sikuwa na haki ya kujisifu. Huyu alikuwa tofauti. Kila asubuhi nilitafuta ardhini mahali alipolala, nikikagua majani kama mtu aliyepoteza hereni. Nilipata unyoya wa kwanza chini ya mkaratusi: mnene, mweusi, ncha yake imekatwa wima kama kalamu ya wino. Mlinzi alipouona alishtuka.

"Inakufa?"

"Inabadilisha manguo."

Mahali pake pakaota mpya, umefungwa katika gamba la samawati lenye damu ndani. Huo ungekatwa, damu ingemwagika. Mlinzi aliufunga mkasi kwenye sanduku lake na ua wa maua ukaachwa uote unavyotaka. Unyoya mmoja ulipokomaa, mwingine ulianguka. Ndivyo ilivyokuwa kiangazi chote. Watu wakaanza kusema kwamba yule mama wa Ngezi anampaka ndege dawa usiku. Mwanamke mmoja alinijia benchini, akaniomba dawa hiyohiyo kwa nywele zake.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, mabawa yote mawili yalikuwa sawa, lakini hakuruka. Alikimbia asubuhi, akapiga mabawa, akainuka kimo cha goti, akatua. Misuli yake haikujua kazi hiyo. Sikuweza kumfundisha, mwanabiolojia hana mabawa ya kuonyesha mfano. Niliweza tu kuomba uwanja uachwe wazi, na mlinzi akaondoa vyungu vya maua vilivyomziba njia. Sasa alikuwa na nafasi ya kukimbia kutoka chemchemi mpaka ukutani.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Ijumaa wafanyakazi wa mfanyabiashara walileta kreti kubwa ya mbao, wakaiweka karibu na lango. Wangerudi Jumatatu. Mlinzi aliikalia siku nzima, kana kwamba mtu akiikalia haiwezi kufunguliwa.

Jumamosi ilikuja na upepo wa mvua kutoka upande wa ziwa, arusi zilikuwa nyingi, na mengine nimeshayasema.

Jumatatu mkuu wa ofisi ya mazingira alikuja mwenyewe. Alitazama uwanja mtupu, akatazama kreti, akanitazama mimi.

"Imeruka kweli ao mumeificha?"

Mpiga picha akachomoa simu. Jumamosi ile hakuwa ameacha kubonyeza kamera hata kidogo, na picha alikuwa ameihamishia humo. Katika picha hiyo bibi arusi amefungua mdomo wote, bwana arusi ameinama, na juu kabisa inaonekana miguu miwili myeusi na ncha ya bawa la kulia, manyoya yote yametandazwa. Mkuu akaikuza kwa vidole viwili. "Unitumie," akasema, akaondoka. Kreti ikachukuliwa kabla ya saa sita. Picha hiyo sasa imebandikwa ukutani kwa mpiga picha, kubwa kuliko zote, na maarusi bado wanakuja kusimama mahali palepale. Nimefanya kazi katika mbuga ambazo wageni walizifahamu kabla yangu, na nimeandika ripoti ndefu. Nikiulizwa na jirani yangu leo ninafanya kazi gani, ninampeleka kuona ile picha.

Lakini kuruka ulikuwa mwanzo tu. Nilichoahidi mbele ya meza ya mkuu ni ndege wa porini anayeweza kuzaa. Msimu mzima sikupata habari zake. Kisha, mwezi uliopita, wanawake wanaolima mpunga katika bonde la mto nje ya mji walisema wana korongo wawili kwenye mafunjo. Nilikwenda asubuhi iliyofuata.

"Moja iko sawa na ndege yote," aliniambia mmoja wao, jembe begani. "Ikituona inakimbia. Ingine haina haya. Tunaiambia toka, inatuangalia tu, inasimama muzuri muzuri."

Dume na jike la korongo taji hufanana, na sikuwa nimemwekea ndege wetu alama yoyote mguuni. Nilikaa kwenye tuta mpaka jua likapanda. Wanawake walipoingia shambani, korongo mmoja aliruka na kutua mbali. Mwingine alibaki. Kutokuwaogopa watu kunaweza kuwa ushahidi kwamba ni yeye. Kunaweza pia kuwa kifo chake, kwa sababu anayesimama hivyo ni rahisi kumshika. Wote wawili walipokwenda kula, nilitazama kwa darubini. Katikati ya maji walikuwa wamelundika mafunjo, na juu yake kulikuwa na mayai mawili.

Mwenye shamba anachimba mfereji wa kutoa maji ili apande zaidi. Ana familia, na wanawake wanaomlimia wana familia, simlaumu. Nimemwomba asimamishe mpaka vifaranga watoke, na ameniambia ataona. Wanawake wamekubali kutopita upande ule, na wamewakataza wanaokuja kutega samaki. Nakwenda kila siku.

Leo asubuhi mfereji ulikuwa umesogea karibu na mafunjo, na maji kuzunguka kiota yamepungua kiasi kwamba mbwa angeweza kufika. Korongo mmoja alikuwa amelala juu ya mayai, kichwa kimeinuliwa. Mwingine sikumwona.